Taa Kumi na Saba

Nyumba yetu ya Kemijärvi ilikuwa na taa kumi na saba,
na zote ziliwaka tangu Oktoba hadi Machi,
mchana kutwa, usiku kucha,
hata chooni, hata chini ya ngazi tunapoweka viatu vya theluji.
Majirani walidhani tuna wageni daima.
Msoma mita alipiga mluzi.

Husemwa macho hayana pazia.
Ya wanangu yalikuwa nalo:
jua likishuka tu, na huku kwetu hushuka saa nane mchana,
Lempi husimama palepale, mkono mbele,
kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Mimi huendesha gari la kusukuma theluji. Naona vizuri.
Mama yao, Tellervo, hutia uzi sindanoni bila kukodoa.
Hatukujua kila mmoja wetu amebeba neno lenye herufi iliyofutika,
kwamba neno bovu moja si kitu,
mawili yakikutana ni usiku.
Nimemlaumu babu yangu. Nimemlaumu babu yake.
Nimekilaumu kijiji kizima
kwa kuoana karibukaribu miaka mia tatu.

Helsinki, daktari Saarnivaara alichora kwenye karatasi:
hiki ni kirusi, tumekinyang'anya ugonjwa,
tumekitwika neno lililo kamili
kilifikishe nyuma ya jicho, chini ya retina,
tone moja, dogo kuliko chozi.
Chembe zilizo hai tutazilisha, alisema.
Zilizokufa hazifufuki.
Oiva alikuwa na miaka sita. Lempi, kumi na tisa.
Hesabu niliijua papo hapo, nikajifanya siijui.

Kuna chumba chenye mishale sakafuni,
ndoo iliyopinduliwa, kizingiti cha sponji,
kibao kinachoning'inia usawa wa paji la uso,
na mtu wa kupunguza mwanga, hatua kwa hatua.
Kabla ya sindano Oiva aliigonga ndoo
chini ya mwanga mkali kama wa uwanja wa mpira.
Mwaka ulipotimia alipita katika mwanga wa mshumaa mmoja,
akapita mbio, akarudi kuuliza kama kuna ndoo nyingine.
Lempi alipanda ngazi moja tu ya mwanga.
Waliandika: ameimarika.
Kwenye ubao wa herufi, mstari uleule, kwa wote wawili.

"Ngazi moja ni ngazi," alisema ndani ya treni,
akaugeuzia uso dirishani,
nami sikujua kama alitaka kuona
au alitaka nisimwone.

Mwaka wa tatu picha zikaonyesha utando unakonda
kandokando ya pale sindano ilipoingia, kwa Oiva.
Bado anaona. Hadi lini?
Daktari hakusema uongo:
alifungua viganja, vikabaki vitupu.

Lakini nilitaka kusema juu ya taa.

Oiva alianza kuzizima.
Kwanza ya chooni, kisha ya stoo, kisha ya ngazi,
kwa maringo, kama mfalme mdogo anayesamehe kodi.
Lempi akajigonga kwenye meza. Akamtukana.
Wakagombea swichi ya korido, washa, zima, washa,
na mimi na Tellervo tumesimama jikoni, sahani mikononi,
hatuthubutu kucheka, hatuthubutu kulia,
kwani katika nyumba hii hakuna aliyewahi
kuligombea giza.

Sasa zinawaka tisa.
Juzi niliporudi kazini saa kumi alfajiri, theluji ikimwagika,
nilimkuta Lempi koridoni, miguu mitupu, taa imezimwa.
Nikanyoosha mkono kwenye swichi.
"Acha, Baba. Kuna mwanga unaingia."
Nilikuwa nimesahau kuzima taa za gari.
"Naona mlango ulipo. Wewe sikuoni. Mlango tu."
Nilikuwa nimesimama pale kizingitini.
Nikajitoa kando kidogo,
nisiuzibe.